Solombala, mtaa ambao nyumba zinashuka kwenye nguzo zake

Wiki iliyopita jamaa mmoja kanitumia kivideo cha nusu dakika. Nyumba ya mbao, chini na juu, imeinamia upande kama mzee aliyesinzia kwenye daladala, watu wako nje na mablanketi na paka wao, na chini kaandika "injinia hebu tueleze hii, si mlisema Mrusi akijenga kajenga?" Nikacheka, maana kabla sijasoma ilikotoka nilishajua ni Arkhangelsk, na nikakisia ni Solombala au majirani zake, kwa sababu kule nyumba kushuka kwenye nguzo ni jambo la kawaida kiasi kwamba lina msemo wake kabisa, dom soshol so svai, nyumba imeshuka kwenye nguzo, na wanautamka kama sisi tunavyosema umeme wa LUKU umeisha.

Mimi nimesoma huko miaka sita, mambo ya misingi kwenye udongo laini, na miwili kati ya hiyo nilipanga chumba Solombala ndani ya nyumba ya aina hiyo hiyo. Kwa hiyo leo naandika kwa raha zangu, mwenye haraka aruke hadi penye bisibisi.

Arkhangelsk ni mji wa bandari kaskazini ya Urusi, uko nyuzi 64 na ushee juu ya ikweta, umeanzishwa 1584, na umekaa kwenye delta ya mto Dvina ya Kaskazini kabla mto haujamwaga maji yake Bahari Nyeupe. Kiutawala umegawanywa sehemu 9 wanazoziita okrugi, we weka tu katikati ya kata na wilaya, na moja ndo Solombala. Kuifikia wala hauhitaji ramani, toka katikati ya mji elekea kaskazini, utakutana na tawi la mto linaitwa Kuznechikha, vuka daraja, basi hapo umeshaingia kisiwani. Watu wa Solombala wakivuka kuja huku wanasema "naenda mjini", ingawa kwenye makaratasi wao wenyewe ni mji huo huo, yaani ni Kigamboni kabisa. Na usikie wanavyotamka neno Solombala, kuna kajivuno fulani hivi, kama mtoto wa Ilala akikutajia Ilala.

Sasa kisiwa chenyewe kiko chini. Chini sana. Hadi pale Arkhangelsk, kilomita 40 na kitu kutoka baharini, maji ya kupwa na kujaa yanafika, hayapandi sana, karibu mita moja hivi, lakini kwenye ardhi iliyolala namna ile mita moja ni nyingi. Halafu kuna kamto kanapita ndani ya mtaa, kanaitwa Solombalka, zamani watu walifunga mashua zao pembeni yake kila mtu mlangoni kwake. Ikifika mwisho wa Aprili au Mei barafu ya mto mkubwa inakatika na kuanza kushuka, mapande makubwa yanagongana usiku unasikia kama malori yanamwaga kokoto, yakikwama mahali maji yanarudi nyuma yanapanda, na enzi hizo Solombala ilikuwa inafurika watu wanapiga makasia barabarani. Ndo maana kuna watu waliuita Venisi ya kaskazini. Venisi yenye matope, lakini haya.

Kuna hadithi utasimuliwa na kila mtu ndani ya saa moja ya kufika, kwamba Tsar Peter, mfalme wa Urusi enzi hizo, aliandaa dansi hapo, ardhi ikawa chepechepe, wakamwaga mabua chini ili wageni wasizame, na kwa kuwa mabua kwa Kirusi ni soloma na dansi ni bal, jina likazaliwa. Hadithi tamu ila ni ya kutunga, jina lilikuwepo kabla ya Peter na wataalamu wa lugha wanalirudisha kwa watu wa jamii ya Wafini na Wakareli walioishi kule kabla ya Warusi. Mimi lakini naipenda kwa sababu za kikazi, maana ndani yake kuna ukweli wa kiinjinia mtupu: ardhi inadidimia, na dawa ya kwanza watu waliyofikiria ni kutandika mimea juu. Miaka mia tatu baadaye bado wanafanya hivyo hivyo.

Peter mwenyewe alikuja kweli, mara tatu, 1693, 1694 na 1702. Hiyo mara ya kwanza ndo akaanzisha pale Solombala karakana ya serikali ya kuunda meli, na 1694 ikashushwa majini meli ya kwanza, ya biashara, Mtakatifu Paulo. Urusi wakati ule haikuwa na bandari ya maana upande wa Baltiki, mlango wake wa Ulaya ulikuwa huu, na Waingereza walishautumia tangu nahodha Richard Chancellor alipotupwa na upepo mdomoni mwa Dvina 1553. Baadaye Peter akajenga Petersburg na biashara ya Arkhangelsk akaibana makusudi, ila meli za kivita ziliendelea kutoka Solombala miaka na miaka. Iliyopata jina kuliko zote ni Azov, mizinga 74, ilishushwa 1826 na mwaka uliofuata ikapigana vita vya baharini vya Navarino, kule Ugiriki, chini ya nahodha Mikhail Lazarev, ikawa meli ya kwanza ya Urusi kupewa bendera ya Mtakatifu George, bendera ya heshima ya ushujaa vitani. Karakana ilifungwa 1862, wakati meli za chuma na mvuke zimeshashika soko. Eneo hilo leo lina kiwanda cha kukarabati meli kinaitwa Krasnaya Kuznitsa, yaani karakana nyekundu ya uhunzi, ukipita unasikia chuma kinalia.

Meli za pale zilikuwa za mti unaoitwa listvennitsa. Ni ndugu wa msonobari, ila yeye kila vuli anapukutisha majani yote, halafu mbao yake nzito, ina utomvu mwingi, kuoza inachelewa sana, na gogo lake bichi ukilielesha mtoni linaweza kuzama likakuacha unashangaa. Mshike huyu mti kichwani, tutarudi kwake.

Nitoke nje ya mada kidogo. Siku moja nimemkuta fundi anashindilia nyuzi za kitani kati ya magogo ya ukuta wa nyumba, ana patasi butu na nyundo ya mti, tok tok tok, nikasimama kama nimepigwa na shoti. Ni kalafati! Ni ile ile kalafati ya majahazi niliyokua nikiiona Tanga, mkono ule ule, sauti ile ile, tofauti sisi tunashindilia pamba yenye mafuta ili maji yasiingie, wao wanazuia baridi isiingie. Ukifikiri inaeleweka, ni mtaa wa mafundi meli, fundi wa meli akijenga nyumba anajenga meli iliyosimama. Nikamweleza kwa Kirusi changu cha kuunga unga kwamba kwetu hii ni kazi ya bandarini. Akasema hapa pia.

Na hapo hapo kwenye lugha, mabaharia wa Kiingereza walikuja wengi mpaka bandari ya Solombala ikazaa kalugha kake, Kiingereza kilichochanganywa na Kirusi, kilisikika karne ya 18 na 19, kimeandikwa andikwa kidogo tu kabla hakijafa. Muingereza mwenyewe Warusi wa kule walimwita asei, kwa vile kila akifungua mdomo anaanza na "I say". Mtu wa pwani yetu hawezi kushangaa, bandari ndivyo zilivyo.

Turudi. Meli zilipokufa mbao haikufa. Mwishoni mwa karne ya 19 ikaja zama ya viwanda vya kupasua mbao, magogo yanashushwa na mto kutoka misitu ya ndani, yanapasuliwa delta, yanapakiwa melini kwenda nje, na enzi ya Usovieti Arkhangelsk ikabatizwa kiwanda cha mbao cha Muungano mzima. Wafanyakazi wakaja kwa maelfu kutoka vijijini, wakahitaji pa kulala jana sio kesho. Ndo zikajengwa hizi nyumba tunazozizungumzia, watu wanaziita derevyashki, vijimbao tu, za chini na juu, familia nane au kumi na mbili ndani ya jengo moja, mlango mmoja wa pamoja, ngazi inanuka paka na viazi. Nyingi ni za miaka ya 1930 hadi 1950 na kitu. Zilijengwa haraka kwa mti wa bei rahisi, msonobari na wenzake, si ile listvennitsa ya mameli ya Tsar, au ikiwepo ni kidogo, na zilijengwa ziwe za muda. Kila mjenzi anajua, hakuna kinachodumu kama cha muda.

Chini ya nyumba kuna nini? Hapa ndo penyewe. Juu kabisa kuna tabaka ambalo si udongo wa Mungu bali ni taka za viwanda, vumbi la mbao, maganda ya miti, vipande, walimwaga miaka mingi kuinua ardhi iliyokuwa bwawa. Na hata njia za miguu zilikuwa mbao, wanaziita mostki, sehemu sehemu bado zipo na ukizipita mvua ikinyesha ubao unainuka mbele unakurushia maji mgongoni. Chini ya hayo kuna mboji, mita kadhaa, nyeusi, ni mimea iliyokufa ikalundikana bwawani bila kuoza vizuri kwa maelfu ya miaka. Sehemu kubwa ya mboji hiyo ni maji. Ukiiminya mkononi maji yanachuruzika katikati ya vidole na kinachobaki ni kama majani ya chai yaliyotumika. Ukiiwekea mzigo inabonyea, mwaka wa kwanza sana, wa pili kidogo, halafu inaendelea kubonyea polepole miaka hamsini bila kukuomba ruhusa. Ndo chini yake sasa unakuta mchanga au udongo mgumu wa kubeba jengo.

Kwa hiyo wakapigilia nguzo. Magogo mazima, yamesimama kichwa chini, juu yake boriti za kulala, juu ya boriti nyumba. Nyingine zilifika kwenye udongo mgumu, nyingine fupi zinaelea tu kwenye mboji kama kijiko kwenye uji.

Bisibisi sasa. Mwaka wangu wa pili tulikuwa tunakagua nyumba moja iliyoanza kwenda, mimi na mwalimu wangu, tumeingia chini ya sakafu kwa tumbo, tochi mdomoni. Akanipa bisibisi ya kawaida, ya bapa, akasema choma nguzo pale inapotoka ardhini. Nikachoma. Imeingia hadi mpini, bila nguvu, kama papai lililoiva, na nilipoichomoa imetoka na uji wa kahawia. Akasema chimba. Nikachimba pembeni ya nguzo ile ile, nusu mita na kidogo, shimo likaanza kujaa maji meusi ya baridi mpaka vidole vikafa ganzi, akasema haya choma hapo chini ya maji. Nikachoma, ikateleza. Nikagonga na nyundo, ikaingia milimita mbili tatu ikakwama, nguzo ngumu kama siku iliyopigiliwa, zaidi ya miaka 60 imekaa mle.

Sababu ni rahisi na ndo ningetaka uondoke nayo kama hutaki kingine. Mti hauozeshwi na maji. Mti unaozeshwa na kuvu, na kuvu ni kiumbe hai kama wewe, anataka unyevu na anataka hewa, vyote viwili kwa pamoja. Juu ndani ya nyumba kuna hewa lakini kumekauka, kuvu hana cha kunywa. Chini kabisa kuna maji lakini hewa hakuna, kuvu anakosa pumzi. Katikati pale, ule mkanda ambao maji yanapanda yanashuka, mto ukijaa umelowa, mto ukipungua umepata hewa, pale ndo kuna karamu. Mkanda wenyewe ni mfupi, pengine urefu wa mkono wako, ila nguzo ni kama mnyororo, pete moja ikioza hata zingine zote ziwe za dhahabu hazikusaidii.

Ndo maana nyumba haididimii chini kama watu wanavyodhani. Inalalia upande. Nguzo za upande mmoja zinakatika shingo kabla ya za upande mwingine, kwa mfano upande wa jikoni na choo unaovuja, boriti inakosa pa kukalia, nyumba nzima inateleza kutoka kwenye vichwa vya nguzo inaenda pembeni nusu mita, mita, kuta zenyewe ziko nzima kabisa! Magogo yale yamefungana kwenye pembe kama vidole, jengo linashuka kama sanduku, vyombo kabatini vinamwagika, bomba la maji linakatika, na watu aghalabu wanatoka wazima. Nyumba ya tofali ikifanyiwa hivyo ungekuwa unahesabu maiti. Kwa hiyo ndugu yangu wa kivideo, jibu lako ni hilo, ulichokiona ni ukuta mzuri umekosa miguu.

Baridi nayo inachangia. Januari wastani ni kama nyuzi 12 au 13 chini ya sifuri, mwanga wa mchana siku fupi kabisa ya Desemba haufiki masaa manne, na ardhi inaganda kwenda chini. Maji ya udongoni yakiganda yanatanuka, yanaishika nguzo shingoni yanaivuta juu, mwezi wa tano yakiyeyuka yanaiachia lakini haishuki pale pale ilipotoka, mboji na taka vimeshajaa chini yake. Kidogo kidogo kila mwaka. Bibi niliyepanga kwake alikuwa na njia yake ya kupima, anaweka gololi ya mjukuu sakafuni mlangoni kila tarehe moja ya Mei na kuhesabu inachukua muda gani kufika dirishani. Mwaka wa kwanza wangu ilifika ikitembea. Wa pili ilikuwa inakimbia. Mlango wa chumba changu ulikuwa umechongwa na randa mara nyingi hadi si mstatili tena, juu mpana chini mwembamba, na bado ulikuwa unagoma kufunga kila masika, nikaishi na kamba.

Kuna matengenezo, si kwamba hakuna. Unaweka majeki chini ya boriti, unainua nyumba sentimita chache watu wakiwa ndani wanapika chai, unakata nguzo chini ya uozo, unaunga kipande kipya, unashusha. Kazi nzuri ikifanywa kwa nguzo zote. Shida mara nyingi wanabadilisha tatu nne zilizokufa kabisa, basi zile mpya zinabeba mzigo wote, za zamani zinapumzika, na nyumba inaanza kupindika upande wa pili. Kosa jingine ambalo limenikera popote nilipoliona, si huko tu, ni kuchimba mitaro kukausha bwawa na kujisifu. Ukishusha maji unaushusha na ule mkanda wa kuvu, sehemu ya nguzo iliyokuwa salama majini miaka yote sasa imepata hewa, na mboji yenyewe ikikauka inaoza na kunywea. Ulichokausha kwa nia njema kinaanza kukatika.

Kabla sijasahau, maana mtaniuliza. Ndiyo, lile ghorofa la mbao la ajabu mlilowahi kuona picha zake lilikuwa Solombala. Mfanyabiashara mmoja alianza kulijenga 1992, akawa anaongeza tu, juu ya paa anaweka paa lingine, hadi ikafika ghorofa 13, mita 44, mbao tupu. Mahakama iliamuru livunjwe, mnara ukaangushwa mwishoni mwa 2008, na mabaki yakaungua moto 2012. Mimi sikulikuta likiwa zima. Wazee wa mtaa wanalitaja kwa mapenzi, mimi kama injinia nalitaja nikiwa nimeshika roho, moto kwenye chombo kama kile ni bomba la jiko tu, hewa inavutwa chini hadi juu. Lakini nakiri, kusimamisha mita 44 juu ya ardhi ile bila kuanguka lenyewe si mchezo, kuna mtu alikuwa na mkono.

Maghorofa ya kisasa ya Solombala ni hadithi nyingine, nguzo za zege zinapigiliwa zinapita mboji yote hadi kwenye udongo wa kubeba, na hayasogei. Kinachosogea ni uwanja unaoyazunguka. Utaona jengo limesimama wima halafu ngazi ya kuingilia imening'inia hewani kwa sababu ardhi iliyokuwa chini yake imeshuka na bustani na kila kitu, wakaongeza kipago cha zege, mwaka wa tatu wakaongeza kingine. Ukihesabu vipago unajua umri wa jengo, takriban.

Nilirudi miaka michache iliyopita kwa kazi. Nyumba niliyopanga haipo, wapangaji walihamishiwa maghorofani chini ya ule mpango wa kuhamisha watu kutoka nyumba chakavu, bibi yuko ghorofa ya saba na analalamika kwamba gololi haiendi popote. Kiwanja kilikuwa wazi, nguzo zimebaki zimejipanga safu safu kama visiki vya mahindi baada ya mavuno, vichwa vimeoza vyeusi, na mkandarasi alikuwa anazing'oa na winchi maana zile za zege zinataka kupita hapo hapo na sehemu ya chini ya zile za zamani ilikuwa inagoma kuachia. Nikaomba kipande cha upande wa chini, ukubwa wa tofali, kizito, kinanuka utomvu mbichi utadhani kimekatwa asubuhi. Nikakileta Dar nikakifanya kizuizi cha mlango ofisini. Miaka zaidi ya 60 kwenye bwawa la Urusi, halafu mchwa wa Mbezi wamekimaliza kwa mvua mbili.